Kuuza Sarafu, Stempu na Santuri Mtandaoni Ukiwa Lamu: Nauli, Bima na Maandishi Madogo ya Nyuma ya Risiti

Mzigo wa kwanza kunitia hasara haukufika hata kilo moja. Zilikuwa sahani mbili za santuri, zile ngumu za kuzunguka mara 78 kwa dakika, nilizozinunua kwa nyumba moja ya Mkomani iliyokuwa ikikarabatiwa. Mnunuzi alikuwa Nairobi na pesa alishatuma. Nikazifunga kwa magazeti, nikazitia kwenye boksi la biskuti, nikampa hamali. Hamali akampa mtu wa boti, boti ikavuka hadi Mokowe, na basi likaondoka nazo. Zilifika vipande saba.

Nilipokwenda kudai, yule kijana wa ofisi ya mizigo aliigeuza risiti yangu upande wa nyuma, akaweka kidole kwenye maandishi ambayo sikuwa nimeyasoma.

"Ami, hapa hukuandikisha thamani. Kampuni italipa kulingana na uzito tu."

"Uzito? Mwanangu, mimi siuzi sukari."

"Najua, ami. Lakini mizani yetu haijui unachouza."

Nilikasirika siku ile, ila neno lake ndilo nililolijengea biashara yangu yote tangu hapo. Anayesafirisha anahesabu kilo. Sisi tunaouza vitu vya wakusanyaji tunahesabu uadimu. Stempu moja yenye uzito chini ya gramu inaweza kuwa na bei ya mbuzi, na sinia la shaba la kilo nne lisipate mtu. Basi kila hatua hapa chini, iwe ya nauli au ya bima, inahusu pengo hilo kati ya kilo na thamani, na nani analilipia.

Hatua ya kwanza: hakikisha kitu chenyewe kinaruhusiwa kuondoka

Najua ulitaka kusikia habari za nauli. Subiri kidogo, maana hakuna bima inayolipa mzigo uliosafiri kinyume cha sheria.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakitambua kama kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Huwezi kukitoa nchini bila kibali. Kwa mji mwingine hilo lingekuwa jambo la mbali. Kwetu ni la ndani ya nyumba. Sahani za kaure zilizopangwa ukutani, sinia za shaba, vito vya fedha vya mabibi, vyote vinaweza kuwa vya kabla ya mwaka huo. Na milango? Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kilicholindwa. Usipoteze muda kuuliza nauli yake.

Wauza sarafu wenzangu mara nyingi hawajui kwamba sheria hii inawagusa. Rupia ya fedha ya mwaka 1888 na pesa za shaba za mwaka huohuo zenye jina Mombasa, zilizotolewa na Kampuni ya Imperial British East Africa, zimetangulia 1895. Pesa za Sultani Barghash zenye mwaka 1299 wa Hijria vilevile. Shilingi za Afrika Mashariki zilizoanza mwaka 1921, florini za 1920, na sarafu za Kenya zilizoanza 1966 hazimo katika kundi hilo. Reale ya Maria Theresa ina mtego wake: zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zilizopigwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo tarehe iliyo juu ya sarafu haikuthibitishii kitu.

Ukiwa na shaka nenda Makumbusho ya Lamu, pale ufukweni, na kitu chenyewe mkononi. Kuuliza si kosa. Nimeshafika pale mara kadhaa. Wakati mwingine nilirudi na jibu la kunifurahisha, wakati mwingine nilirudi na kitu kimebaki kuwa pambo la sebuleni.

Pembe za ndovu, vipusa na magamba ya ng'amba ni marufuku moja kwa moja, hata yakiwa ya babu yako, hata yakiwa kipande kidogo. Kiti cha enzi kilichopambwa kwa vipande vya pembe kinaingia humo. Mkebe wenye kigamba cha ng'amba kwenye kifuniko, kadhalika.

Hatua ya pili: pima kabla ya kutangaza bei

Kosa la wengi ni kupiga picha, kutangaza, kuuza, halafu ndipo kutafuta mizani. Mnunuzi wa Ujerumani ameshalipa nauli uliyoikisia, na wewe unasimama Posta ukitoa tofauti mfukoni.

Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Fungasha kitu kama kitakavyosafiri, chenye katoni yake na pamba yake na tepu yake, kisha pima. Sarafu ya gramu nane hugeuka gramu sitini ikishavaa. Andika pia urefu, upana na kimo kwa sentimita.

Vipimo hivyo vitatu ndivyo vinavyowaumiza watu. Kampuni za kusafirisha kwa haraka kwa ndege hutoza kwa uzito halisi au uzito wa ukubwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Uzito wa ukubwa hupatikana hivi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 5000. Tuchukue santuri tano za sentimita 25. Ukizitia kwenye katoni ya 40 kwa 40 kwa 12, unapata 19,200, ukigawa ni kilo 3.84. Mizani inasema kilo 1.6, wewe unalipia karibu kilo nne. Ukikata katoni ikawa 35 kwa 35 kwa 10, inabaki kilo 2.45, na bado kuna sentimita tano za ulinzi kila upande wa sahani. Kisu na rula vimenipunguzia nauli kuliko mazungumzo yoyote na karani.

Kwa Posta hesabu ni nyingine. Kifurushi kidogo kinachokwenda kwa njia ya barua kina mwisho wa kilo 2, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 90, wala upande mmoja usizidi 60. Katoni yetu ya 35, 35 na 10 ina jumla ya 80. Inapita. Ile ya kwanza ilikuwa 92, ingekataliwa kwa sentimita mbili tu na kuhamishiwa kwenye bei ya vifurushi vikubwa.

Hatua ya tatu: hesabu njia yote, kuanzia mlangoni kwako

Mtu wa Nairobi akisema nauli ana maana ya pesa anayolipa dirishani. Sisi wa kisiwani tuna safari kabla ya safari. Kama unatuma kwa Posta ya hapa mjini, sawa, unatembea kwa miguu. Lakini kampuni nyingine mzigo wake lazima uvuke maji: ama kwa boti hadi Mokowe upande wa bara kisha basi kupitia Witu na Garsen kwenda Malindi na Mombasa, ama kwa boti hadi kiwanja cha ndege cha Manda. Kila kivuko ni mkono wa mtu, na kila mkono una ujira wake.

Mimi huandika kwenye daftari: katoni na plastiki ya viputo, tepu, hamali, boti, basi, nauli ya nje, usajili, bima, na makato ya kupokea pesa. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Masoko makubwa ya mtandaoni kama eBay hukata kamisheni yao kwenye jumla yote aliyolipa mnunuzi, nauli ikiwemo. PayPal nayo ina makato yake. Basi ukimtoza mnunuzi nauli ileile uliyolipa, umeshapungukiwa.

Tuseme gharama zote za kutuma ni shilingi 1,500, na makato ya soko na ya malipo kwa pamoja ni asilimia 15. Wengi huongeza asilimia 15 ya 1,500, wanapata 1,725, wanaridhika. Lakini asilimia 15 ya 1,725 ni 258.75, kwa hiyo mkononi inabaki 1,466. Hesabu sahihi ni kugawa: 1,500 kwa 0.85, unapata 1,765. Tofauti ya shilingi arobaini kwa mzigo mmoja si kitu. Kwa mizigo hamsini ni kama elfu mbili.

Je, uandike "nauli bure" na kuificha ndani ya bei? Kwa wanunuzi wa ndani ya Kenya nafanya hivyo, kwa sababu bei ya basi kwenda Mombasa na Nairobi haipishani sana. Kwa nje sifanyi. Mtu wa Australia na mtu wa Uganda hawawezi kubebwa na bei moja, na mnunuzi akirudisha kitu, ile "bure" inakuwa ugomvi. Afadhali bei ya kitu ikae peke yake, na nauli peke yake, na maneno mawili ya kueleza mzigo unatoka kisiwani. Wakusanyaji wengi hulipenda hilo, kusema kweli. Barua iliyopigwa muhuri wa Lamu kwao ni sehemu ya mzigo. Kuna watu wanatafuta barua za ile ofisi ya posta ya Wajerumani iliyofanya kazi hapa mjini kati ya 1888 na 1891, na wanazilipia vizuri mno. Basi bandika stempu halisi bahasha inapokubali, na mwombe karani agonge muhuri usomeke. Hiyo haiongezi gharama.

Hatua ya nne: tofautisha rejista, dhima na bima

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maneno haya matatu watu huyachanganya na pesa hupotelea katikati.

Rejista ni ushahidi. Kifurushi kinapewa namba ya herufi na tarakimu 13 inayoishia na KE, kinatiwa saini kila mkono, na kikipotea kuna fidia. Fidia hiyo imewekwa na Umoja wa Posta Duniani: kifurushi kilichorejistiwa kikipotea ni SDR 30, na nauli uliyolipa. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja huwa ni kama dola 1.3 hadi 1.4 za Marekani. Yaani kiasi cha dola 40. Kwa kifurushi kikubwa cha posta kisichokuwa na bima ni SDR 40 na kuongeza SDR 4.50 kwa kila kilo. Cha kilo moja kinapata SDR 44.5, kama dola 60. Kama ulichotuma kina thamani ya dola 25, rejista peke yake imekutosha. Kama ni dola 400, umenunua ushahidi wa kupotea kwa dola 360.

Dhima ni kile ambacho msafirishaji anakubali kuwajibika kwacho bila wewe kuomba chochote. Kwa mizigo ya ndege inayosafiri kati ya nchi, nje ya mfumo wa posta, kiwango kinatoka kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo. Kilianza SDR 17 kwa kilo, kikapanda hadi 19, kisha 22, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 26. Kwa kilo! Bahasha yako yenye shilingi tatu za fedha, gramu 100 pamoja na ufungaji, ina dhima ya SDR 2.6. Hiyo ni pesa ya chai na mahamri kwa meza nzima, lakini si pesa ya sarafu. Mkataba huohuo unakuruhusu kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa ziada. Ndilo lile sanduku kwenye fomu ambalo watu huliacha wazi kwa sababu wanaogopa ziada.

Bima ndiyo pekee inayofuata thamani badala ya uzito. Nayo ina njia tatu.

Njia ya kwanza ni ile ya msafirishaji: unatangaza thamani, unalipa asilimia fulani. Kabla hujalipa, soma orodha ya vitu visivyopokelewa. Kampuni nyingi za haraka hazibebi sarafu na noti kabisa, hata ziwe za zamani na hazinunui kitu dukani. Baadhi zinaongeza stempu, vito na vitu vya kale. Karani anaweza kukupokelea mzigo na kukupa risiti ya bima kwa uso mkunjufu, na bado siku ya kudai ukaambiwa kitu hicho hakikutakiwa kupanda ndege yao. Posta nayo ina kanuni yake ya kimataifa: sarafu, noti, dhahabu, fedha na vito havitiwi kwenye barua ya kawaida, njia yake ni bima ya posta, au rejista pale nchi husika zinaporuhusu. Muulize karani kuhusu nchi unayotuma, kwa jina la kitu, na akujibu kabla hujabandika tepu.

Njia ya pili ni bima ya mizigo kutoka kampuni ya bima. Kwenye makaratasi huitwa bima ya mizigo ya baharini, lakini hufunika pia ndege na barabara, kwa hiyo jina lisikutishe wala lisikuchekeshe ukiwa umesimama kwenye gati. Ajenti awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Kwa mzigo mmoja mdogo kiwango cha chini cha malipo huwa kinaua faida. Inafaa kwa kitu kimoja cha bei kubwa, au kwa bima ya wazi ambapo unatuma mizigo mingi kwa mwaka na kuiorodhesha kila inapoondoka. Desturi ni kukatia thamani ya kitu pamoja na nauli na kuongeza asilimia 10.

Usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Bima huangalia uwiano. Kitu cha shilingi 40,000 ukikikatia 20,000, kikaharibika kwa kiasi cha 10,000, watakulipa 5,000, kwa maana nusu nyingine umeamua kuibeba mwenyewe. Uliza pia juu ya seti: stempu sita zinazokwenda pamoja, moja ikipotea, je, watalipa bei ya moja au kushuka kwa thamani ya zote? Na uliza wanataka ushahidi gani wa thamani, maana "hii ni nadra sana" haitoshi. Mimi huweka risiti niliyonunulia, picha ya pande zote mbili, na matokeo ya minada miwili au mitatu ya kitu kama hicho.

Yale wasiyolipa hata kwa bima pana ni haya: mzigo uliofungwa vibaya, uharibifu unaotokana na hali ya kitu chenyewe, uchakavu wa kawaida na ucheleweshaji. Chuma kilichoshika kutu kwa unyevu wake kitasemwa kilikuwa na kutu yake.

Njia ya tatu haina karatasi: unajikatia mwenyewe. Kwa kila kifurushi cha bei ndogo ninaweka shilingi 50 kando, kwenye akaunti nyingine ya simu ambayo siigusi. Vifurushi arobaini ni shilingi 2,000, zinazotosha kumrudishia mtu mmoja pesa zake za kitu cha 2,000. Mpaka wangu ni huu: chini ya shilingi 3,000 najikatia mwenyewe na kutuma kwa rejista, juu ya hapo hadi elfu ishirini natafuta bima ya msafirishaji, zaidi ya hapo nazungumza na ajenti, au namwambia mnunuzi aje mwenyewe au amtume mtu. Wageni hawakosekani hapa kwetu, na si mara moja nimemkabidhi mjomba wa mnunuzi kitu chake mkononi akiwa anasubiri ndege Manda.

Hatua ya tano: fungasha kama mtu atakayehojiwa

Kisheria mzigo uliofungwa vibaya ni kosa lako, kwa hiyo ufungaji ni sehemu ya bima.

Sarafu isicheze. Itie kwenye kifuko cha plastiki kisicho na PVC, kwa sababu ile plastiki laini ya bei rahisi huacha utando wa kijani juu ya fedha na shaba. Ibane katikati ya vipande viwili vya kadibodi. Sarafu inayogongana ndani ya bahasha hujitangaza kwa kila anayeibeba.

Stempu adui yake hapa ni hewa. Ile isiyotumika, yenye gundi nyuma, masika ikifika hujibandika kwenye chochote iliyolalia. Itie kwenye karatasi laini isiyoshika gundi, kisha kadibodi mbili, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa siku isiyo na mvua. Ukiufunga mfuko ukiwa na unyevu ndani, umefungia na ukungu.

Santuri nimejifunza kwa vipande saba. Zile za zamani ni za lakki (shellac), si plastiki, na huvunjika kama kigae. Kati ya kila sahani weka kadibodi ya mawimbi, bana fungu zima kwa tepu lisiteleze, lizungushie viputo, litie katoni ndogo, na katoni hiyo iingie ndani ya kubwa yenye sentimita tano za pamba au karatasi kila upande. Tikisa. Ukisikia chochote, fungua uanze tena. Anayeuza sahani za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, anapaswa kujua kwamba hiyo sahani imeshavuka bahari mara moja salama. Itakuwa aibu ikavunjikie Garsen.

Juu ya yote, mfuko wa nailoni. Boti ya Mokowe hurusha maji ya chumvi, na kusi likivuma hurusha zaidi. Nje usiandike "sarafu" wala "vitu vya thamani". Piga picha kila tabaka unapofunga, na moja ya mwisho ya kifurushi kikiwa juu ya mizani, namba ya uzito ikisomeka. Uzito huo ukipungua safarini, unajua kimefunguliwa.

Hatua ya sita: fomu ya forodha, bila uongo

Mnunuzi atakuomba uandike "zawadi" na thamani ya dola 10 ili asilipe ushuru kwao. Atakuomba kwa upole sana. Ukikubali, umesaini kwamba kitu kina thamani ya dola 10, na bima haitakulipa zaidi ya ulichosaini. Fomu ndogo CN22 ni ya mzigo usiozidi SDR 300. Juu ya hapo ni CN23.

Andika kitu kwa jina lake na namba ya ushuru ya kimataifa. Stempu ni 9704, vitu vya wakusanyaji pamoja na sarafu ni 9705, na vitu vya kale vilivyozidi miaka 100 ni 9706. Namba hizi humsaidia mnunuzi zaidi kuliko uongo: Uingereza, kwa mfano, hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 kwa vitu hivyo badala ya 20.

Mweleze mnunuzi kabla hajalipa kwamba kodi za kwao ni juu yake. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa mizigo isiyozidi euro 22 tangu tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ikasimamisha msamaha wake wa dola 800 kwa nchi zote tangu tarehe 29 Agosti 2025. Mzigo wa kwenda Marekani uulizie upya kila mara kabla ya kutangaza nauli. Mnunuzi akikataa kulipa ushuru, mzigo unarudi, na nauli ya kurudi inaweza kukudai wewe.

Hatua ya saba: kukabidhi na kufuatilia

Tuma kwa anwani iliyo kwenye malipo, na hiyo tu. "Nitumie kwa kazini kwa rafiki yangu" ni mwanzo wa wizi mwingi. PayPal inataka saini ya mpokeaji kwa malipo ya kuanzia dola 750, na mnunuzi ana siku 180 za kulalamika. Usitumie pesa yote siku ya kwanza.

Tuma mwanzoni mwa wiki ili mzigo usilale bandarini au stendi siku za mapumziko. Mtumie mnunuzi namba, picha ya risiti, na siku unazotegemea, ukiongeza siku tatu za mambo ya kisiwani.

Kikipotea au kikivunjika

Mwambie mnunuzi asitupe chochote: katoni, viputo, tepu, kipande cha mwisho. Apige picha vyote vikiwa pamoja kabla hajasogeza. Kwa rejista na vifurushi vya posta una miezi sita tangu siku ya kutuma ya kuanzisha uchunguzi, na anayeuanzisha huku ni wewe, mtumaji, kwa sababu mkataba wa nauli ni wako. Kampuni za haraka na za basi zina muda mfupi zaidi, mara nyingi wa siku tu, na umeandikwa palepale nyuma ya risiti. Peleka dai kwa maandishi, uachiwe nakala iliyogongwa muhuri. Ambatisha risiti ya kutuma, fomu ya forodha, uthibitisho wa malipo ya mnunuzi, ushahidi wa thamani na zile picha za tabaka kwa tabaka.

Mnunuzi mrudishie pesa usisubiri kampuni. Dai lako na msafirishaji si lake, na miezi unayongoja wewe yeye haimhusu.

Na risiti zenyewe zipige picha siku ileile. Nyingi siku hizi zimechapwa kwenye karatasi ya joto isiyo na wino, na kwa jua letu na droo zetu hufutika. Ninayo moja hapa ya mwaka juzi. Upande wa mbele umekuwa mweupe kabisa, huoni uzito wala tarehe wala jina langu. Upande wa nyuma, ule wenye masharti yao, bado unasomeka kila neno.